Bahari Iliyolala Chali

Jumatano ile, kabla ya adhana ya adhuhuri, Chausiku alikuwa amekwisha osha mawe ishirini na matatu. Aliyaosha kwa mswaki uliochakaa na maji ya mvua, kwenye karai, nyuma ya ghala la Iqbal mjini Bagamoyo. Mwanawe Mosi alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, analala na kuamka kwa ajili ya jino lililokuwa linatoka. Kila jiwe lilikuwa na kadi yake. Kadi ilieleza siku jiwe lilipochimbwa, tabaka lilimotoka, na jina la aliyeliosha na kulihakiki. Chini kabisa palikuwa na mstari, na kwenye mstari huo Chausiku alitia sahihi.

Hakutia dole gumba. Alikuwa na sahihi, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, na alikuwa ameifanyia mazoezi miezi minne katika kisomo cha jioni, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga mbao. Mumewe Bwanaheri alikuwa mbali, anatandika reli upande wa Mlimba, na barua ya kwanza aliyopata kutoka kwa mkewe bila mkono wa mtu mwingine ilikuwa na maneno tisa na sahihi hiyo. Aliijibu kwa kuuliza nani amemwandikia.

Mawe yalikuwa ya Daktari Mansoor. Daktari alikuwa mtoto wa hapo hapo Bagamoyo, baba yake alikuwa akiuza vitambaa, na watu waliokuwa wakimtuma sukari utotoni bado walikuwa hai. Alikaa ng'ambo miaka tisa akisomea viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, akarudi na nyundo tatu na miwani. Alisema kwamba upande wa Ubena, ambako leo mtu anaweza kuzeeka bila kuona maji ya chumvi, zamani ilikuwa bahari, kabla hajatokea binadamu wa kuiogopa. Matope ya bahari hiyo yalilala tabaka juu ya tabaka na kuganda. La zamani huwa chini, la karibuni huwa juu, kama nguo katika sanduku la bibi harusi. Kwenye ukingo wa korongo moja huko Ubena alihesabu matabaka saba, la kwanza chini, la saba juu. Na hivyo hivyo alitaka makasha yapangwe ghalani: la tabaka la kwanza sakafuni, la saba juu ya yote, ili mtu akiingia aone korongo lilivyosimama.

"Kadi ni kiapo, Bi Chausiku," alimwambia siku ya kwanza. "Jiwe lisilo na kadi ni jiwe la kumpigia mbwa. Jiwe lenye kadi ya uongo ni baya kuliko hilo."

Chausiku aliyapenda maneno hayo. Aliyaandika kwenye daftari lake la kisomo.

Saa nane mchana Mzee Msabaha, mtunza ghala, alipandisha kasha la saba juu ya la sita, akapangusa mikono, na bahari ikaja darini.

Haikuja kwa kishindo. Ilianza kama unyevu kwenye chokaa, kati ya boriti ya pili na ya tatu, ikasambaa hadi kuta zote nne, kisha ikapata kina. Mchanga wake ulikuwa juu, umelala kwenye dari. Uso wake ulitazama chini, na mawimbi madogo yalining'inia vichwa chini, yakienda kuvunjika kwenye ukuta wa magharibi. Hakuna tone lililoanguka. Ndani yake walipita wanyama wa duara, makombe yao yamejikunja kama pembe za kondoo dume, mikono yao kama ya ngisi ikipepea, na wote walikuwa wameelekeza migongo sakafuni.

Mzee Msabaha alifungua daftari la ghala. Chini ya "misumari, kilo mbili" akaandika: "Bahari, darini. Kina futi moja na nusu." Akaandika na saa, akalifunga daftari.

Wakamwita Iqbal, mwenye ghala, ambaye pia alikuwa ami yake Daktari. Alikuja na kalamu sikioni, kutoka dukani. Alitazama juu kwa muda wa kutosha.

"Mkataba unasema paa lisivuje," alisema. "Limevuja?"

"Halijavuja," alijibu Msabaha.

"Basi mimi nanyi hatuna neno." Akatazama tena. "Msipigilie misumari tu."

Daktari alifika baada ya alasiri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliwatambua wanyama wote kwa majina, akawataja mmoja mmoja kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya waalikwa wa harusi. Aliwaona wakila, jambo ambalo hakuna mwenzake ng'ambo aliyepata kuliona, akapima kwa rula mikono yao ilivyokunjuka. Kisha akasema taa ishushwe kidogo, isilowe.

Ghala likazoea. Maji yakijaa, yalishuka hadi karibu na kichwa cha Mzee Msabaha, naye alivua kofia akaishika mkononi hadi yapwe. Hayakufuata saa za maji ya Bagamoyo. Yalikuwa na saa zao, kwa sababu, alivyoeleza Daktari, zama hizo siku ilikuwa fupi kuliko ya sasa. Mwajabu, dada yake Bwanaheri, aliyekuwa akiosha mawe pamoja na Chausiku, alisema siku fupi ndiyo inayomfaa mtu anayeosha mawe.

Ila Chausiku hakuzoea. Si kwamba bahari ilimshangaza. Lililomsumbua ni jinsi ilivyolala. Kila alipoingia kuchukua kadi alitazama juu, na Mosi mgongoni naye alitazama juu, akinyoosha mkono.

"Wifi, shingo itakukwama hivyo," alisema Mwajabu. "Kaka yangu akirudi atadhani unamwombea dua."

"Mbona iko juu?"

"Ingekuwa chini tungeoshea wapi mawe?"

"Nauliza kweli, wifi."

"Nami nakujibu kweli. Mimi nimeajiriwa kuosha, sikuajiriwa kuuliza. Ukitaka kuuliza, kaulize, ila uniachie huo mswaki mzuri."

Chausiku alirudi kwenye karai. Akaanza kuyatazama mawe kwa namna ambayo hakuwa ameyatazama. Kila jiwe Daktari alikuwa amelipaka mshale mwekundu huko huko korongoni, kabla halijang'olewa, kuonyesha upande uliokuwa unatazama mbingu. Chausiku alishika jiwe moja, akalisimamisha mshale ukiwa juu. Ndani yake palikuwa na kombe nusu, kubwa kama kiganja cha Mosi. Kombe lilikuwa limelala chali, tumbo juu, kama bakuli linalongoja uji. Akashika la pili. Chali. La tatu, chali.

Alikuwa akienda pwani kuchokoa kombe tangu alipojua kutembea, na kwa hiyo mikono yake ilijua kabla kichwa hakijajua. Kombe likishafunguka na mnyama wake akafa, nusu zake huzagaa mchangani. Nusu iliyolala chali haidumu. Wimbi huidaka ukingo na kuipindua. Ikishalala kifudifudi, wimbi hupita juu ya mgongo wake na kuiacha. Ndiyo maana mtu akitembea pekupeku pwani hukanyaga migongo.

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa mbali, alishuka pwani upande wa Kaole na Mosi mgongoni, akahesabu makombe mia moja, kila moja akilitupia kokoto kwenye ndoo mojawapo kati ya mbili alizokuja nazo. Wanawake waliokuwa wakichokoa walimwuliza anatafuta nini. Akasema anahesabu waliolala. Wakasema Mungu amsaidie mumewe. Ndoo ya kifudifudi ilikuwa na kokoto themanini na nane. Ndoo ya chali ilikuwa na kumi na mbili.

Kisha akarudi ghalani, akachukua siku tatu kupitia mawe yote yenye kombe nusu. Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Yaliyolala chali yalikuwa mia mbili na themanini na moja.

Aliandika hesabu hizo kwa wino, kwenye karatasi safi, akapiga hodi kwenye meza ya Daktari, mle mle ghalani. Alimkuta anapiga chapa kwa vidole viwili.

"Karibu, Bi Chausiku. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Jino limetoka." Akaweka karatasi mezani. "Daktari, jabali limepinduka."

"Jabali gani?"

"La Ubena. Lote. Tunaloita la kwanza ndilo la mwisho, na la saba ndilo la kwanza. Makombe yamelala chali. Bahari haiyaachi chali."

Daktari alitabasamu, tabasamu la mtu mwema anayesikia jambo tamu kutoka kwa mtoto. Akaanza kusoma karatasi, na tabasamu likabaki usoni kwa muda bila kazi yoyote, kisha likaondoka. Akasoma tena. Akainua macho darini. Maji yalikuwa yanajaa, na mnyama mmoja wa duara alipita juu ya mashine ya chapa, mgongo chini.

"Nani amekufundisha kuhesabu namna hii?" aliuliza.

"Wewe. Ulisema jambo moja si ushahidi."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akasema atafikiri. Kesho yake alikwenda Dar es Salaam kwa siku tatu, kukutana na watu wa jumba la makumbusho la ng'ambo, ambao walikuwa wakija kuyachukua makasha.

Siku ya kwanza Chausiku aliosha mawe. Siku ya pili alimfuata Mzee Msabaha baada ya kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nataka tupange makasha upya. La saba chini, la kwanza juu. Na kila jiwe tuligeuze, mshale uangalie sakafu."

Mzee Msabaha alikuwa na watoto sita na mgongo mmoja. Aliyatazama makasha. "Daktari amesema?"

"Hajasema usipange."

"Hilo si jibu, mwanangu."

"Najua si jibu. Ila wewe ndiye unayevua kofia mara mbili kila siku."

Mzee Msabaha alifikiri juu ya kofia. Kisha akakunja mikono ya kanzu. Mwajabu aliwafuata akilalamika kwamba yeye hayumo, akashika upande wa pili wa kasha la saba. Walianza saa moja asubuhi. Chausiku alimweka Mosi kwenye kikapu cha ukindu karibu na mlango. Waligeuza jiwe moja moja, na kila lilipogeuka kombe lililala kifudifudi, kama mtu anayelala upande alioutaka tangu jioni.

Kasha la kwanza lilipokaa juu ya la pili, bahari ilishuka.

Ilishuka kwa kuta, taratibu, mchanga wake ukitangulia, ikajitandaza sakafuni na kufika magotini mwa watu. Ilikuwa ya uvuguvugu. Wanyama wa duara walijigeuza mara moja, kila mmoja kwa zamu yake, migongo juu, wakaendelea na safari zao. Kikapu cha ukindu kikaelea. Mosi alitia mkono majini, akauramba, akakunja uso kwa chumvi, akatia tena. Chausiku alisimama na kanga imefungwa kiunoni akimtazama mwanawe akielea juu ya bahari isiyokuwa na mwenyewe, akajua kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Darini kulibaki chokaa kavu.

Mzee Msabaha aliandika: "Bahari, sakafuni. Kina futi mbili. Misumari imelowa." Akavaa kofia.

Daktari alirudi siku ya tatu, akawakuta wameinua meza yake juu ya matofali. Alivua viatu mlangoni, akakunja suruali, akaingia. Alitembea ndani ya maji hadi kwenye makasha, akasoma namba kutoka chini kwenda juu, saba, sita, tano. Mnyama mmoja alimgusa kifundo cha mguu kwa mikono yake yote. Daktari aliinama akamwacha amguse.

"Ni kweli," alisema. "Limepinduka. Labda upande mzima wa kilima uliporomoka zamani ukalala kichwa chini. Ni kweli kabisa, Bi Chausiku."

Chausiku alingoja.

"Sasa yarudisheni yalivyokuwa."

Mwajabu alicheka kidogo, akanyamaza alipoona hakuna anayecheka naye.

"Ripoti yangu imekwisha pokelewa," Daktari aliendelea. "Inapigwa chapa. Wamejenga makabati kwa mpango ule."

"Si uwaandikie? Waambie ulikosea."

Daktari alikaa juu ya kasha tupu, miguu majini. Hakuwa mtu wa ukali, na jambo hilo lilimfanya Chausiku apate shida zaidi. "Walimu wangu kule wamekosea maisha yao yote," alisema. "Wakikosea wanaandika karatasi ya pili, na karatasi hiyo inasifiwa kuliko ya kwanza. Mimi nikikosea mara moja watasema, tulijua. Watasema, tulimpa nafasi. Na baada yangu hawatampa mtu mwingine wa hapa nafasi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi."

"Nakuelewa, Daktari. Ila kwa hiyo mimi ndiye niandike uongo?"

"Huandiki wewe. Unatia sahihi tu kwenye kadi. Lazima ziandikwe upya, safi, kwa ajili ya makabati, na zote ziwe na mkono mmoja. Mwandiko wako ndio mzuri. Na nyuma ya ripoti, kwenye shukrani, nitaweka jina lako. Chausiku Bwanaheri, wa Bagamoyo. Litasomwa na watu wa ng'ambo."

Chausiku alimtazama Mosi, ambaye kikapu chake kilikuwa kimefika dirishani. Alifikiria jina lake likisomwa ng'ambo. Asingesema kwamba halikumvutia. Jina hilo alikuwa amelipata kwa shida, herufi kwa herufi, magoti kwenye mbao, na hakuwa na lingine.

"Ulisema kadi ni kiapo."

"Nilisema."

"Basi mimi siapi."

"Bi Chausiku."

"Siapi, Daktari. Kama ni dole gumba ningekupa, dole halijui kusoma. Hii sahihi inajua."

Maji yakaanza kupwa. Daktari aliinuka kutoka kwenye kasha. Kisha akasema kwamba akimaliza kazi ya leo, kesho asije. Alimwambia Mzee Msabaha ammalizie Chausiku malipo yake yote hadi jioni ile, hata robo siku isipungue, na akatoka na viatu mkononi.

Chausiku alibaki na saa tatu kabla ya magharibi. Hakuosha jiwe. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na kadi zote za zamani mapajani, na chini ya kila sahihi yake akaongeza maneno mawili: "Lilikuwa kichwachini." Aliyahesabu kuwa mawili. Mzee Msabaha alikuwa ndani anahesabu misumari ambayo alikwisha ihesabu. Mwajabu alimbeba Mosi, akamwimbia, akamwambia kwamba mama yake ana kichwa kigumu kuliko mawe ya Ubena, na kwamba ukoo wao uliletewa mke huyo kwa makosa.

"Andika haraka basi, wifi," alisema baadaye. "Nitakuchovyea kalamu."

Adhana ilipolia zilikuwa zimebaki kadi tisa. Akaziandika hizo pia.

Makasha yakarudishwa, la kwanza chini, la saba juu, na bahari ikapanda darini. Baada ya siku nne Mzee Msabaha alimkuta Chausiku njiani, anatoka kisimani. Hakuzunguka.

"Kadi mpya nimetia sahihi mimi," alisema. "Nimezibandika juu ya zako. Sikuzibandua zako, mwanangu. Nimebandika juu."

"Kwa gundi ya dukani kwa Iqbal?"

"Hiyo hiyo."

"Basi mzee, hata Zanzibar hazifiki, zitakuwa zimebanduka."

Mzee Msabaha alicheka, macho yakiwa chini, akamsaidia kupandisha ndoo kichwani.

Makasha yalikwenda kwa lori hadi bandarini, na kwa meli hadi ng'ambo. Ghala la Iqbal likajaa mbata za nazi. Baada ya miezi kadhaa jumba la makumbusho lilimwandikia Daktari barua ya heshima, likiuliza kama mawe yaliwekwa mahali penye unyevu, maana kwenye chumba yalimo dari lilikuwa na hali fulani. Daktari alijibu kwamba mawe ya pwani yana tabia hiyo. Wakapiga dari la pili la mbao chini ya lile la kwanza, wakapaka rangi nyeupe, na wageni waliozuru chumba hicho waliambiwa kwamba sauti ni ya mabomba. Ripoti ilitoka na picha ya rangi: matabaka saba, la kwanza chini. Daktari akapewa cheo. Kwenye shukrani hapakuwa na Chausiku, na hilo, kwa upande wake Daktari, lilikuwa haki, kwa sababu hakukubali.

Chausiku akawa anauza vitumbua asubuhi na kusoma jioni. Bwanaheri alipokuja likizo alimkuta mkewe anasoma gazeti kwa sauti na mtoto anakimbia. Alisimuliwa habari yote. Akasema, kwa kuwa alikuwa mtu wa reli na amepasua vilima vingi, mbona hilo la kupinduka si ajabu, wao wamelikuta mara mbili. Chausiku akamwambia aseme tena polepole, naye akafungua daftari aandike.

Mwaka wa tatu tangu makasha kuondoka kikaja kitabu kipya cha kisomo cha watu wazima, chembamba, chenye jalada la kijani, kuhusu ardhi ya nchi yetu na utajiri wake. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na picha ya matabaka saba. Mwalimu Tabia, aliyekuwa akifundisha darasa la jioni, alimwita Chausiku asome, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wote. Chausiku alikigeuza kitabu juu chini, akakishika hivyo mbele ya darasa, akasoma maneno yote bila kukosea.

"Shika kitabu vizuri, Bi Chausiku," alisema Mwalimu Tabia.

"Nimekishika vizuri, Mwalimu. Ni picha iliyoshikwa vibaya."

Mwalimu Tabia alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mpole, na mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Alimwomba akae. Chausiku alikaa, kwa kuwa ugomvi wake haukuwa na Mwalimu Tabia. Baadaye alimweleza habari ya makombe, akiyachora ubaoni. Mwalimu alielewa. Akasema angeelewa zaidi kama isingekuwa mtihani, kwa sababu majibu huja kwenye bahasha yakiwa yamefungwa.

Mtihani ulifanyika katika shule ile ile, kwenye madawati yale yale. Swali la tisa liliuliza: "Kati ya matabaka saba ya Ubena, lipi ni kongwe kuliko yote? Andika namba yake." Watu thelathini na wanne waliandika moja. Chausiku aliandika saba, akakaza kalamu. Wino ulipokauka, sakafu ya saruji ililowa. Maji yalitokea chini ya dawati lake, yakaenea hadi ubaoni, yakafika vifundoni, ya uvuguvugu, yenye chumvi. Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja aliyetumwa kutoka wilayani, aliinua miguu akaiweka kwenye kitako cha kiti kingine, akaendelea kusoma gazeti. Muda ulipokwisha alikusanya karatasi. Walioketi nyuma walibeba viatu mikononi.

Majibu yalipotoka, Chausiku alikuwa amepata yote isipokuwa la tisa. Kwa kuwa swali la tisa lilikuwa la lazima, hakupewa cheti. Mwalimu Tabia alimwita pembeni. Alimweleza kwamba angeweza kurudia mwakani, na kwamba cheti kingemfungulia mlango wa kufundisha kisomo, kwa kuwa wilaya ilikuwa na haja ya walimu. Alimweleza pia, huku anaangalia mlango, kwamba namba moja ni kijistari tu.

"Najua ni kijistari," alisema Chausiku. "Ndiyo maana sikiandiki."

Alirudia mwaka uliofuata. Swali la tisa lilikuwa lile lile. Aliandika saba, na maji yalifika magotini. Karatasi nne zilielea, zikarudishwa kwa wenyewe na msimamizi, ambaye alikuwa yule yule, na ambaye safari hii alikuja na kaptura. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba mtihani ulikwenda kwa utulivu. Aliandika pia kwamba mtahiniwa mmoja alikosa jibu kwa mara ya pili, na kwamba kosa lake halikuwa la kutojua.

Taarifa hiyo ilisomwa wilayani, ikajadiliwa kikaoni, ikapitishwa kwa marekebisho. Mwaka wa tatu wa mtihani huo tangazo lilibandikwa mlangoni pa shule mapema kuliko kawaida. Tarehe ilikuwa ile ile, maswali yalikuwa kumi, kitabu kilikuwa cha kijani. Palikuwa na mstari mmoja mpya tu, umepigwa chapa kwa herufi kubwa: watahiniwa wote waje bila viatu.

Chausiku alikuja bila viatu. Alikaa, akakunja kanga juu ya magoti, akaandika jina lake juu ya karatasi, akajibu swali la kwanza hadi la nane bila haraka. Akafika la tisa. Wenzake waliokuwa karibu waliinua pindo za nguo zao, na msimamizi akasogeza kiti chake hadi kwenye jukwaa, akakaa, akamtazama.

Akaandika saba.